Kazi ya Polisi katika Mji Uliozingirwa

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alikuwa askari polisi hapa Uganda kwa miaka mingi, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja katika safu ndefu ya nyumba za askari. Upande huu alikaa Mwacholi, upande ule Mteso, na mbele yetu Mlugbara. Na kwa kuwa hapana aliyejua lugha ya mwenziwe, sote tulisema Kiswahili. Ndiyo sababu naandika katika sehemu hii ya gazeti letu, na ndiyo sababu vilevile habari za polisi hunivuta kuliko habari za majemadari.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia alitufundisha habari za Vita Kuu ya Pili. Aliposema ya kwamba mji wa Hong Kong ulipigwa kwa muda wa siku kumi na nane, mwezi wa Desemba 1941, nilinyosha mkono nikamwuliza, "Mwalimu, siku zile polisi walikuwa wakifanya kazi gani?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Nenda ukatafute, kisha utuandikie." Basi nimetafuta, na haya ndiyo niliyoyapata. Nina na sababu yangu nyingine ya kuandika, lakini hiyo nitaisema mwishoni.

Kwanza inatupasa kuujua mji wenyewe. Hong Kong ni kisiwa chenye vilima vya mawe, karibu na pwani ya kusini ya China. Waingereza walikitwaa katika miaka ya 1841 na 1842. Mwaka 1860 wakaongeza Kowloon, yaani ncha ya nchi kavu inayokielekea kisiwa, na mwaka 1898 wakakodi mashamba na milima iliyo nyuma ya Kowloon kwa muda wa miaka 99. Nchi yote ilirudi mikononi mwa China tarehe 1 Julai 1997. Kati ya kisiwa na Kowloon iko bandari, na siku zile watu walivuka kwa feri kwa dakika chache tu. Msomaji aikumbuke bandari hii, maana ndiyo iliyougawa mji katika mafungu mawili siku ile ya hatari.

Mwezi wa Machi 1941 watu wa mji walihesabiwa, wakapatikana zaidi ya 1,600,000. Wengi wao hawakuzaliwa pale. Japani ilianza kuishambulia China kwa nguvu mwaka 1937, na ulipotekwa mji mkubwa wa Guangzhou mwezi wa Oktoba 1938, wakimbizi walimiminika Hong Kong kama siafu wanaokimbia maji. Wengine walilala barabarani, chini ya baraza za maduka. Mtu asiye na nyumba wala akiba hula leo alichokipata leo. Duka la mchele likifungwa asubuhi, jioni watoto wake wanalia. Kwa hiyo hata kabla ya bunduki kulia, polisi wa Hong Kong walikuwa na mzigo mzito.

Gavana aliyeletwa kuushika mji huo alikuwa mtu ambaye wazee wa Tanganyika walimjua. Sir Mark Young alikuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1938 hata 1941, kisha akahamishwa, akafika Hong Kong mwezi wa Septemba 1941. Alikuwa hajatimiza miezi minne huko vita vilipomkuta na kumshinda.

Sasa tuwatazame polisi wenyewe. Walikuwa zaidi ya 2,000, chini ya Kamishna John Pennefather-Evans, nao walipangwa kwa asili zao kama mwenye duka apangavyo nafaka, kila aina na pipa lake. Askari alivaa namba, na mbele ya namba iliandikwa herufi. Herufi A ilikuwa ya Wazungu, B ya Wahindi, ambao wengi wao walikuwa Masingasinga na Waislamu wa Punjab, C ya Wachina wa Kanton, yaani wenyeji wa pande zile, na D ya Wachina wa mkoa wa Shandong, mbali kaskazini. Baadaye iliongezwa E kwa Warusi waliokimbia mapinduzi ya nchi yao. Wazungu walikuwa wachache, lakini amri zilitoka kwao.

Kwa nini serikali ilikwenda mpaka Shandong kutafuta Wachina, na Wachina wamejaa mjini? Mwaka 1922 mabaharia wa Kichina waligoma, na mgomo ukaenea hata shughuli za mji zikasimama. Serikali iliogopa ya kuwa askari wa Kanton hawatakubali kuwakamata ndugu zao. Ndipo ikaandika askari katika bandari ya Weihaiwei, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza wakati ule. Hawa walikuwa warefu, wenye nguvu, tena lugha yao ilikuwa mbali na lugha ya watu wa Hong Kong.

Sisi watoto wa kambini twaujua mtindo huu, kwani hapa kwetu pia serikali ya kikoloni ilipenda kumpeleka askari mbali na kwao. Mtindo huo una faida yake. Askari mgeni hana binamu wa kumficha wala mjomba wa kumwonea haya. Lakini una hasara yake pia. Askari mgeni hana mtu wa kumnong'oneza habari. Ataziona nyuso za watu, wala hatajua wanasema nini baada ya yeye kupita. Siku za amani hasara hiyo haionekani sana. Siku za vita ndipo serikali inapotaka kujua kila neno linalosemwa sokoni.

Tena watu wa mji walikuwa na sababu za kuitilia serikali mashaka. Mwezi wa Julai 1940 iliamriwa wanawake na watoto wa Kizungu wapelekwe Australia kwa usalama wao. Mama wa Kichina hakuwekewa nafasi katika meli zile, ijapokuwa baba wa watoto wake alilipa kodi vilevile. Mwaka 1941 mahandaki yalichimbwa ndani ya vilima, watu wapate kujificha ndege zikija. Lakini mwaka huohuo ilibidi tume ichunguze rushwa katika idara yenyewe iliyohusika na kinga hiyo. Basi watu walijua ya kwamba katika mji huu wapo wanaohesabiwa kwanza na wapo wanaohesabiwa baadaye.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Desemba 1941, ndege za Kijapani zilipiga uwanja wa ndege wa Kai Tak ulioko Kowloon. Jeshi la Waingereza, pamoja na Wahindi, Wakanada na watu wa kujitolea wa mji, lilikuwa na watu kama 14,000. Jeshi lilikwenda mstari wa mbele, na mji ukaachiwa polisi.

Nitaeleza kazi zao kwa taratibu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwakamata raia wa Kijapani waliokaa mjini na kuwaweka kizuizini. Kazi ya pili ilikuwa kuulinda usiku: taa zizimwe, watu wasitembee ovyo, wala pasiwe na mtu wa kumulika taa dirishani kuwaonyesha adui njia. Kazi ya tatu ilikuwa kuwatafuta wapelelezi. Japani ilikuwa na watu wake mjini tangu zamani, na wapo Wachina waliofuata serikali ya Wang Jingwei iliyosimamishwa na Wajapani katika mji wa Nanjing. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ile niliyoitaja: utamjuaje mpelelezi katika umati ambao lugha yake huisikii?

Kazi ya nne, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa kubwa, ilikuwa mchele. Serikali ilikuwa imeweka akiba ya mchele, tena iliuuza kwa bei iliyopangwa. Lakini mchele ulioko ghalani haumshibishi mtu. Lazima uchukuliwe, uuzwe, ufike nyumbani. Madereva wengi wa malori walitoroka, wengine na malori yao. Wenye maduka waliogopa kufungua. Fedha ndogo nazo zilipungua, kwa kuwa kila mtu alificha alizokuwa nazo, hata serikali ikachukua noti za Benki ya China za yuan 5 ikazipiga chapa mpya ziwe dola 1 ya Hong Kong. Mbele ya kila duka ulisimama mstari mrefu wa watu, na kando ya mstari alisimama askari. Fimbo ya askari yule haikutosha kuwazuia watu mia tano wenye njaa. Kilichowazuia ni kuamini ya kwamba wakingoja watapata. Siku wakiacha kuamini, mstari haupo tena, wala askari hayupo.

Adui naye alilijua jambo hili. Wajapani walidondosha vikaratasi kutoka angani na kupiga kelele kwa vipaza sauti. Waliwaambia Wahindi na Wachina, "Asia ni ya watu wa Asia, mbona mnamfia Mwingereza?" Katika mji ambao herufi za namba zilimwonyesha kila askari mahali pake, maneno hayo yaliweza kuingia moyoni. Upande wa serikali nao ulikuwa na uvumi wake: ya kwamba majeshi ya Chiang Kai-shek yako njiani yanakuja kuuokoa mji. Watu waliungoja msaada huo hadi mwisho, wala haukufika.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, Wajapani waliteka ngome ya Shing Mun, iliyokuwa tegemeo la mstari wa ulinzi upande wa nchi kavu. Tarehe 11, adhuhuri, Jemadari Maltby aliamuru majeshi yarudi kisiwani. Polisi nao waliamriwa kuondoka Kowloon.

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Wajapani waliingia Kowloon tarehe 12. Kati ya kuondoka kwa polisi na kuingia kwa adui ulipita muda mfupi, lakini ulitosha. Vyama vya siri vya wahalifu, ambavyo polisi walivijua miaka mingi, vilitoka hadharani. Maduka yalivunjwa, maghala yalivunjwa, nyumba za watu ziliingiliwa. Wenye magenge walipita mlango kwa mlango wakidai fedha za ulinzi. Na asiyelipa aliporwa. Pamoja nao walikuwamo watu wa kawaida ambao juzi walisimama katika mstari kwa adabu, na leo wamebeba magunia ya mchele mabegani. Tusiwahukumu upesi. Walikuwa wameona serikali ikipanda mashua na kwenda zake, na hapana aliyewaambia kesho watakula nini.

Je, tuwalaumu askari? Mimi siwezi. Walipewa amri, wakatii, na kama wangalibaki wangalitekwa bila faida. Lakini mwenye duka wa Kowloon hakuuliza habari za amri. Alitazama pembeni mwa barabara mahali askari alipozoea kusimama, akaona hapana mtu.

Kisiwani polisi walijifunza kwa yale waliyoyaona ng'ambo. Walipata habari ya kwamba vyama vilevile vya siri vimekusudia kuwaua Wazungu wa kisiwani, usiku wa tarehe 13. Kikosi kilikuwa kidogo, na jeshi lilikuwa likilinda pwani. Basi serikali ilifanya jambo ambalo siku za amani ingaliona aibu kulifanya: iliomba msaada kwa Wachina wenyewe. Alikuwapo mjini Admirali Chan Chak, mjumbe wa serikali ya China, mtu mwenye mguu mmoja, kwa kuwa mguu wake mwingine ulikatwa baada ya vita na Wajapani. Watu wake waliwajua wakubwa wa vyama vile, na lugha yao waliisikia. Wakubwa hao waliitwa, wakazungumza, wakapewa fedha, na mauaji hayakutokea. Tangu siku ile watu wa Chan Chak walifanya kazi pamoja na polisi kuwasaka wapelelezi na kutuliza mitaa.

Nimelifikiri jambo hili sana. Kwa miaka mingi serikali ilitafuta askari mbali, Punjab na Shandong, kwa kuwa iliwaogopa wenyeji. Saa ya hatari ilipofika, aliyeweza kuutuliza mji alikuwa mtu wa China asiyekuwa na herufi wala namba katika kikosi chake.

Yaliyosalia nitayasema kwa ufupi. Gavana alitakiwa kusalimu amri tarehe 13, na tena tarehe 17. Mara zote mbili alikataa. Usiku wa tarehe 18 Wajapani walivuka bandari wakatua kisiwani. Mapigano yalikuwa makali vilimani. Mabomba ya maji yalipasuliwa na mizinga, na mabwawa makubwa yakaingia mikononi mwa adui, hata mji uliojaa watu ukabaki karibu bila maji. Tarehe 25 Desemba, siku ya Noeli, Sir Mark Young alivuka bandari kwenda Hoteli ya Peninsula, akatia sahihi. Jioni hiyohiyo Chan Chak alitoroka pamoja na maofisa wa Kiingereza. Mashua yao ilipigwa risasi; alijeruhiwa mkononi, akauvua mguu wake wa mti, akaogelea mpaka kisiwa cha jirani, na baada ya safari ya mashua za vita na miguu wakafika China huru.

Polisi wa Kizungu walifungwa katika kambi ya Stanley. Mmoja wao, Walter Scott, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa kikosi, alikamatwa kwa kuwasiliana kwa siri na watu wa nje, akauawa pamoja na wenzake tarehe 29 Oktoba 1943. Wengi wa askari wa Kihindi na wa Kichina waliwekwa na Wajapani waendelee na kazi ileile katika barabara zilezile. Wengine waliwaita wasaliti. Mimi nauliza tu: mtu ambaye tajiri wake amekwenda kizuizini, na watoto wake wanataka mchele, afanye nini? Gavana mwenyewe alikaa mfungwa mpaka mwaka 1945, akarudi Hong Kong mwaka 1946, na shauri lake la kwanza kubwa lilikuwa kuwapa wenyeji sauti zaidi katika mambo ya mji wao. Shauri hilo baadaye liliwekwa kando. Kituo Kikuu cha Polisi cha zamani, katika barabara ya Hollywood, kingali kimesimama, na tangu mwaka 2018 watu huingia kukitazama kama mahali pa historia.

Sasa ile sababu yangu. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa chakula. Wenzangu wanakumbuka mvua ile iliyoharibu barabara, lori la unga likakwama njiani siku tatu. Magunia manne yalikuwa yamebaki stoo. Siku ya tatu, jioni, ulizuka uvumi kwamba magunia yale yamewekewa darasa la juu peke yao. Haukuwa kweli, lakini sikuusikia mpaka wavulana walipofika mlangoni, wengi, gizani. Nilikuwa nimesimama pale na ufunguo mfukoni. Niliwaambia, "Ngojeni, namwita mwalimu." Nikaenda. Kweli nilikwenda kumwita mwalimu. Lakini nilikwenda mbio, wala sikumwachia mtu mlango. Tuliporudi, mlango ulikuwa chini, unga umekanyagwa matopeni, na mtoto mmoja wa darasa la kwanza amelala kando ya ukuta, mkono umevunjika.

Mwalimu Mkuu hakuniadhibu. Alisema nilifanya vyema kutafuta msaada. Lakini wakati wa likizo nilimweleza Baba, aliyekuwa ameketi uani akitengeneza baiskeli yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mlango ulimwachia nani?"

Nikasema, "Hapana mtu, Baba."

"Zamu haiachwi hewani, mwanangu," akasema. "Hukabidhiwa mtu." Akaendelea na baiskeli yake.

Leo najua lililonipasa. Wavulana wale hawakutaka kuiba; walitaka kujua. Ningalifungua mlango, nikawachagua wawili kutoka kila bweni waingie na kuyahesabu magunia kwa macho yao, na kuwaambia wengine yako mangapi na lori liko wapi. Kisha ningaliwakabidhi hao mlango, ndipo niende kumwita mwalimu. Hao wangalikuwa askari wazuri kuliko mimi, maana wenzao wangaliwaamini.

Mtoto yule sasa yuko darasa la pili. Mkono wake haujanyoka sawasawa. Kila asubuhi tukikutana kisimani hunisalimu kwa heshima, kama mdogo amsalimuvyo mkubwa, nami huitikia. Nikimaliza masomo nataka kuingia polisi. Yeye ni mtu wa kwanza niliyemwambia, kabla hata ya Baba.